Upande wa Chini wa Shamba

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Makambako nikisubiri gari la kwenda Njombe, mama mmoja akapita mbele yangu na ndoo ndogo ya masuku, yale matunda ya porini. Hakuniambia ninunue. Aliiweka ndoo chini ili ajifunge kanga yake vizuri, na harufu ikanifikia kabla sijajua ni ya nini. Wenzangu mliokulia huku juu mnaijua: tamu, nzito kidogo, kama asali iliyosahauliwa juani. Binti yangu aliyekuwa pembeni akaniuliza, "Mama, tununue?" Nikamwambia ale yeye. Alipoanza kuyafyonza na kutema kokwa, nilisogea hadi kwenye kibanda cha muuza chaja nikasimama pale, nikijifanya naangalia simu. Nimepita miaka arobaini sasa. Masuku nilikula mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi.

Nilizaliwa kijiji kimoja kati ya Makambako na Njombe, mahali ambapo mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu, na mpini wa jembe unauma mkononi kama chuma. Baba yangu alilima mahindi na viazi kama watu wengine. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Jumapili alikaa benchi la mbele, upande wa kulia, na koti lake la kahawia lililobana mabegani, na yeye ndiye aliyesimama kusoma matangazo kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Mimi nilirithi jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuwahi kunitaja kwa jina. Aliniita Mama. "Mama, niletee maji." "Mama, umeshakula?" Nilipenda kuitwa hivyo kwa sababu kulinifanya nijione mtu mzima, mtu anayeweza kutegemewa.

Shamba letu kubwa lilikuwa kwenye mteremko. Upande wa chini lilipakana na miti ya Baba Edina, misindano aliyoipanda mwaka aliozaliwa binti yake. Mimi na Edina tulizaliwa mwaka mmoja, na tulikuwa tukisema ile miti ni ndugu zetu, ingawa ilikuwa imetuacha mbali kwa urefu. Chini yake palikuwa na zulia nene la majani makavu, membamba kama sindano, na sisi tulikalia magunia tukateleza mpaka korongoni. Baba Edina alijua tunacheza mle. Akitaka kumwita mwanawe hakuita jina, alipiga mluzi mrefu, na sisi tukatoka tukiwa na majani kichwani. Alikuwa mtu wa utani, mrefu, mwenye mkono mmoja ulionyooka vibaya baada ya kuvunjika. Yeye na baba yangu walikuwa wakisaidiana kulima tangu ujana wao. Sikumbuki siku hata moja niliyowasikia wakigombana juu ya mpaka.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, mwisho wa kiangazi, wakati watu wanasafisha mashamba kusubiri mvua ya kwanza. Tulikuwa tumeshafyeka, tumekusanya takataka, na kuzunguka shamba lote tulilima ukanda mtupu ili moto usivuke. Baba alichagua asubuhi kwa sababu upepo ulikuwa umelala. Yeye alikwenda juu kuwasha. Mama alisimama pembeni, kando ya njia. Mimi nilipewa upande wa chini.

Baba alinikabidhi tawi bichi la mti wa mlingoti na ndoo ya maji iliyojaa nusu.

"Mama, moto ukiteremka unakuja polepole. Ukiona cheche imevuka, ipige na tawi, halafu piga kelele. Usitoke hapa mpaka nije."

"Ndiyo, baba."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilisimama na tawi langu kama askari. Moto ulikuwa mbali juu, mstari mwembamba tu, na moshi ulikuwa ukipanda wima. Nilikaa hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha nikamsikia Edina akiniita kutoka korongoni. Alikuwa na kisahani cha bati.

"Njoo uone! Masuku yamedondoka, yamejaa chini!"

"Nimeambiwa nisitoke."

"Ni hapa tu. Yatachukuliwa na watoto wa kule ng'ambo."

"Siwezi."

"Hata machache? Mimi nakushikia moja hili hapa, kubwa."

Nilitazama juu. Moto ulikuwa bado mbali. Niliweka tawi ndani ya ndoo, nikateremka. Nakumbuka tulivyoinama chini ya ule msuku, tukibonyeza matunda kwa dole gumba kujua lipi limeiva, utomvu mtamu ukitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nakumbuka nilivyocheka. Sijui tulikaa muda gani. Kilichonishtua ni ubaridi shingoni: upepo ulikuwa umeamka, nao ulikuwa ukitoka juu.

Sitaeleza mengi kuhusu yaliyofuata, kwa sababu hata mimi niliona vipande tu. Tulipopanda kutoka korongoni, miti ya Baba Edina ilikuwa ikiwaka kuanzia chini. Wale waliowahi kusikia misindano ikiungua wanajua ule mlio, kama mvua kubwa juu ya bati. Edina alinishika mkono tukakimbia kwa kuzunguka kijito, tukatokea nyuma ya nyumba zao. Watu walikuwa wamejaa, wanaume na matawi, wanawake na ndoo. Mama yangu aliponiona alinivuta kwa nguvu mpaka mkono ukaniuma, akanishika kichwa, uso, mabega.

Baba Edina alikuwa ndani ya miti. Watu walisema aliingia na panga kukata njia ili moto usifike kwenye nyumba. Walimtoa wakiwa wamembeba juu ya mlango walioung'oa jikoni. Niliona mguu mmoja na kiatu. Mama alinigeuza uso.

Siku hiyo kulikuwa na lori kijijini, la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa mbao kutoka Makambako. Alikuwa Mwislamu, mgeni wa kuja kama wengi wa mji ule, na sisi watoto tulimpenda kwa sababu ya kofia yake iliyodariziwa na peremende alizotupa dirishani. Lori lilikuwa limeshapakiwa nusu. Mzee Salumu aliwaambia vijana wake, "Shusheni. Shusheni zote, tupeni hapo hapo." Mbao zikamwagwa barabarani. Wakamlaza Baba Edina kwenye magodoro yaliyoletwa na majirani, Mama Edina akapanda naye, na lori likaondoka kwenda hospitali likipiga honi njia nzima. Baba yangu alibaki amesimama katikati ya barabara. Mikono yake ilikuwa myeusi na aliishika mbali na mwili, kama ya mtu mwingine.

Baba Edina aliishi siku tisa.

Kabla hajafa, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Sisi watoto hatukuruhusiwa, lakini nilikaa ndani ya darasa letu, chini ya dirisha lisilo na kioo, nikasikiliza. Baba alisimama. Ile sauti ya matangazo haikuwepo.

"Moto ni wangu," alisema. "Nimeuwasha mimi kwa mkono wangu."

Mwenyekiti akamuuliza, "Ulikuwa umejiandaa? Ulikuwa na walinzi?"

"Juu nilikuwa mimi. Pembeni mke wangu."

"Na upande wa chini, unaopakana na miti, ulimweka nani?"

Nilibana magoti yangu. Nilijua sasa litatajwa jina langu, watu wote watajua, na kwa namna fulani nilitamani litajwe ili jambo hili liishe.

"Sikuweka mtu," baba alisema.

Watu waliguna. Mengine waliyoamua wakubwa siku ile siyajui vizuri. Mimi nilibaki na lile neno. Sikuweka mtu. Mimi nilikuwa pale, na tawi na ndoo, naye mwenyewe ndiye aliyeniweka. Mtoto wa miaka kumi anasikia maneno yalivyo. Nilielewa kwamba baba, mbele ya kijiji kizima, alikuwa amesema mimi si mtu. Kwa kosa nililolifanya alikuwa amenifuta, kama mwalimu anavyofuta ubao. Jioni aliponiita, "Mama, njoo ule," nilidhani anafanya hivyo ili mama asijue kwamba hanitambui tena.

Msibani nilikaa na wanawake. Edina alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mama yake, amenyolewa nywele, na kila nilipomtazama alitazama chini. Nilielewa hilo pia kwa namna yangu: alikuwa ananichukia, na alikuwa na haki. Shuleni alihamia dawati la nyuma. Njiani alipita upande wa pili. Miaka mitatu hatukuzungumza, sisi tuliokuwa tukilamba kijiko kimoja.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, baba alimwomba mchungaji ampumzishe uzee wa kanisa. Mchungaji alimsihi sana, wakakaa wawili tu barazani kwetu hadi chai ikapoa. Baba alikataa. Kuanzia hapo alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na koti lake lile lile. Aliimba kwa kusogeza midomo tu. Mimi niliona ni jambo lililo wazi kabisa: Mungu amemhamisha. Mungu alikuwa akiishi nyumba zote mbili, yetu na ya kina Edina. Sasa alikuwa amechagua upande, na hakuchagua wetu. Nikaanza kumpa Mungu vitu ili arudi. Niliacha masuku. Niliacha sukari kwenye uji. Niliacha kukaa karibu na moto wakati wa baridi, nikakaa mlangoni mpaka vidole vikafa ganzi, na mama akadhani naumwa. Kila asubuhi niliangalia kama kuna kilichobadilika. Hakukuwa na kilichobadilika.

Watu wengi waliacha kuja kwetu. Hawakuwa na ubaya, nadhani hawakujua waseme nini. Mzee Salumu hakuacha. Kila lori lake lilipopita alisimama, akavua viatu mlangoni, akanywa chai ya rangi na baba, wakazungumza habari za mvua na barabara. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Mimi na wewe hatusali pamoja, lakini najua mtu anayemwogopa Mungu nikimwona. Usijizike, ndugu yangu." Baba alitikisa kichwa tu, akammiminia chai nyingine.

Mvua zilipoanza mwaka ule, baba aliotesha miche ya misindano nyuma ya choo chetu, kwenye kivuli cha majani ya migomba. Aliimwagilia kwa kopo lililotobolewa, mche mmoja mmoja. Ilipofika kimo cha kiganja, aliifunga kwenye nyasi mbichi, akachukua jembe, akaenda kwa Mama Edina kuomba ruhusa ya kupanda upya pale palipoungua. Nilimfuata kwa mbali. Mama Edina alitoka hadi kwenye ukingo wa uwanja wake.

"Kamwene," baba alimwamkia kwa Kibena, na kuvua kofia.

Hakuitikia. Alisema, "Baba, nakuheshimu. Lakini usikanyage shamba lile."

"Nimesikia, mama."

"Sitaki kuona jembe lako mle."

"Nimesikia."

Baba aliiacha ile miche kwenye mpaka, akairundika vizuri na kuifunika, akarudi nyumbani. Haikuguswa. Baada ya wiki mbili ilikuwa rangi ya kutu. Mwaka uliofuata alifanya vile vile: akaotesha, akamwagilia, akaenda, akakataliwa, akaiacha mpakani. Na mwaka wa tatu akaanza tena kuchekecha udongo. Mama yangu alimwambia, "Unapoteza nguvu bure. Yule mama hatataka." Baba akasema, "Anaweza asitake." Akaendelea kuchekecha.

Mwaka huo wa tatu mimi nilikuwa darasa la kipaimara. Mchungaji alitufundisha habari za kuungama, na kwamba tutapiga magoti mbele ya kanisa lote na kuwekewa mikono. Wenzangu waliwaza magauni meupe. Mimi niliwaza kwamba mikono ya mchungaji ikinigusa kichwani atajua. Nilikosa usingizi, chakula hakikupita. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, nilikuwa na baba nyuma ya choo, nikimshikia viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, huku yeye akijaza udongo. Sikupanga kusema. Ilitoka yenyewe.

"Baba, siku ya moto mimi sikuwepo. Nilitoka. Nilikwenda kula masuku."

Aliendelea kushindilia udongo kwa vidole viwili. Akakiweka kile kiriba chini.

"Najua, Mama."

"Nani alikwambia?"

"Nilikuona." Alikuwa haniangalii. "Ulikuwa na lile gauni la njano. Nilikuwa juu kabisa, nikaliona linateremka korongoni. Nikajisemea, nimalizie kwanza mstari huu niliouanza, halafu nitamwita. Nikawasha. Nikawasha tena hatua nyingine. Upepo ukaja."

Sikuelewa mara moja. Miaka mitatu nilikuwa nimebeba siri, na kumbe aliyekuwa akiificha ni yeye.

"Kwa nini hukusema mkutanoni? Ulisema hukuweka mtu. Ulisema mimi si mtu."

Ndipo aliponitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukivunjika namna ile. Alijifuta mikono kwenye suruali, akanivuta nikakaa naye chini, kwenye udongo.

"Ndivyo ulivyosikia? Miaka yote hii?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Niliulizwa nimemweka nani wa kuzuia moto. Nikajibu ukweli. Mtu mzima angewekwa pale, mwenye nguvu. Mimi niliweka mtoto na nusu ndoo ya maji. Hilo si kuweka mtu, Mama. Kosa ni langu tangu asubuhi, hata ungekaa pale pale. Na ungekaa pale pale, sijui leo ningekuwa naongea na nani."

Tulilia wote wawili, yeye bila sauti. Baadaye nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua zaidi ya yote. "Baba, Mungu ametusamehe?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

Baba hakuwa mtu wa kujibu haraka mambo ya Mungu, hata alipokuwa mzee wa kanisa. "Naamini alishasamehe. Kuna asubuhi naamini vizuri, na kuna asubuhi siamini hata kidogo. Lakini zote naamka, namwambia nipo, nachukua kopo naenda kumwagilia. Sijui atafanya nini na hii miche. Sijui kama atafanya kitu. Mimi nimeamua kubaki upande wake hata kama hanijibu."

Wenzangu, nimesikia mahubiri mengi tangu wakati ule, kwenye makanisa makubwa na kwenye semina za akina mama, na mengi yamenisaidia. Watu husema mtumaini Mungu, na mara nyingi wanamaanisha uwe na hakika, utulie, ujue mwisho utakuwa mwema. Mimi sikumwona baba yangu akiwa na hakika. Nilimwona akichekecha udongo kwa ajili ya miche ambayo miaka miwili mfululizo ilikauka mpakani. Ninapokosea mimi sasa, na nimekosea, kwa watoto wangu na kwa mume wangu, na usiku wa wasiwasi ukawa mrefu, ndiyo picha ninayoirudia. Inanitosha kuamka.

Aliniambia, "Ukitaka kumwambia Mama Edina, nitakusindikiza. Usipotaka, sitakulazimisha. Hilo si deni lako." Nikasema nataka. Tulikwenda siku hiyo hiyo alasiri, kabla sijapoteza ujasiri.

Mama Edina alikuwa jikoni akipukuchua mahindi, na Edina pamoja naye. Baba alibaki nje ya mlango, kofia mkononi. Mimi niliingia, nikapiga magoti kama tunavyowasalimu wakubwa, na sikuinuka. Nilisema yote. Nilisema nilivyopewa tawi, nilivyoambiwa nisitoke, nilivyotoka. Sikumtaja Edina. Nilisema nilikwenda peke yangu.

Gunzi lilikuwa mkononi mwa Mama Edina, limebaki na punje mistari miwili. Kisha Edina, kwa sauti niliyokuwa nimeshaisahau, akasema, "Anadanganya. Mimi ndiye niliyemwita. Alikataa mara mbili, mimi nikambembeleza." Akamgeukia mama yake. "Mama, mimi ndiye niliyemuua baba. Niliogopa atakwambia, ndiyo maana siongei naye."

Kumbe hakuwa ananichukia. Alikuwa ananikimbia kama mimi nilivyokuwa namkimbia.

Mama Edina alitoka nje. Nilidhani anakwenda kumfukuza baba. Tulimsikia akipumua pale uani, pumzi nzito kama za mtu aliyepandisha mlima na mzigo. Sisi tulibaki tumetazamana na Edina juu ya rundo la mahindi, hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Aliporudi, aliketi chini kabisa, sakafuni, akatuvuta wote wawili.

"Sikilizeni. Hili sikutaka mlijue mpaka mkue. Lakini mmekua kwa njia mbaya." Akamtazama Edina. "Baba yako hakuingia kukata njia. Watu walisema hivyo, na mimi niliacha waseme. Aliingia kuwatafuta nyinyi. Alijua mnacheza mle. Alipiga mluzi, hamkutoka, akaingia."

Edina alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Ngoja, mwanangu, ngoja nimalize. Hospitalini, alipoweza kufungua mdomo, swali lake la kwanza lilikuwa, watoto wametoka? Nikamwambia wametoka, wote wawili, hawana hata jeraha. Akauliza tena. Nikamwambia tena. Akatabasamu, unajua alivyokuwa akitabasamu. Siku zile tisa zote alikuwa na maumivu, lakini hakuwa na wasiwasi. Mngekuwa mle kweli, nisingekuwa na cha kumjibu."

Nje, baba alikuwa amesikia. Tulimwona ameketi kwenye kizingiti, amefunika uso kwa kofia.

Mama Edina alimwambia akiwa pale pale sakafuni, bila kugeuka, "Baba, nilikukasirikia kwa sababu uliweza kuibeba hasira yangu. Huyu mwanangu asingeweza, na marehemu nisingeweza kumkasirikia. Nilihitaji mtu. Kila mwaka niliiona miche yako ikikauka, nikasema afadhali naye aumie."

"Ulikuwa na haki, mama," baba alisema.

"Sijui kama nilikuwa na haki. Nilikuwa nimechoka."

Hawakukumbatiana, wala sikusikia mtu akitamka neno msamaha siku ile. Sitawadanganya kwamba uchungu uliisha. Edina alilia majuma mengi, na hata leo, akiwa mama mwenye watoto watatu na duka lake la vitambaa Makambako, kuna miezi ya kiangazi ambayo nampigia simu na hapokei, nami najua kwa nini. Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita bila kurudi benchi la mbele. Mimi nilipata kipaimara, nikawekewa mikono, na sikusikia chochote cha ajabu, ila uzito wa mkono wa mtu kichwani.

Lakini Mama Edina alipotutoa mpaka njiani jioni ile, alimuuliza baba miche ya mwaka huu iko mingapi. Baba akasema inatosha. Mama Edina akasema mvua ikishalowesha udongo vizuri, aje.

Tulikwenda asubuhi ya ukungu, sisi wanne na mama yangu aliyebeba chai kwenye chupa. Visiki vyeusi vilikuwa bado vimesimama kila mahali. Mama Edina alimwomba baba atuombee kabla ya kuanza, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake zamani. Baba alivua kofia. Tulifumba macho, tukasubiri. Nikasikia akivuta pumzi, akisema "Bwana," kisha hakuna kitu. Akajaribu tena, na sauti haikuja. Nilifungua macho.

Mama Edina alisogea akasimama karibu yake. Akasema yeye, akitazama chini kwenye udongo, "Bwana, tumekuja. Wewe unatujua sisi sote, na unajua aliyelala kule. Hii hapa ni miti. Tusaidie. Amina."

Akainama, akapiga jembe la kwanza, na kunyoosha mkono kwa baba ili ampe mche.